Mafuta ya Korosho Hayazoeleki: Mhadhara kwa Wabanguaji, Mtwara

Shikamooni mama zangu. Nimeombwa nizungumzie mzio kwa jumla, lakini nitaanza na ganda la korosho, maana hapo ndipo ninapobishiwa kila msimu, eti mafuta yake mtayazoea.

Mafuta ya ganda yanaunguza yenyewe. Yakikumwagikia yatakuchoma uwe nani. Huo si mzio. Mzio ni huu: mama kabangua msimu mzima salama, msimu unaofuata limemgusa tone tu, na siku ya pili mkono umevimba, unawasha, malengelenge mpaka shingoni alipojishika. Anasema mafuta ya mwaka huu ni makali. Mwingine anasema karogwa. Hapana, mama! Mafuta ni yale yale. Iliyobadilika ni kinga ya mwili wako.

Kemikali za mafuta hayo hupenya ngozi zikang'ang'ania protini zake. Seli za ulinzi huzipeleka kwenye mitoki, na huko chembe nyeupe za damu aina ya T huzikariri. Kazi hiyo huchukua wiki moja au mbili, nawe husikii chochote. Mafuta yakirudi, chembe zile hukusanyika na kuishambulia ngozi yako mwenyewe. Kukusanyika huchukua siku moja hadi tatu. Ndiyo maana aliyebangua Jumatatu anaumwa Jumatano, akamsingizia pweza aliyemla Jumanne.

Mtaniambia: jirani yangu anabangua miaka yote, mbona hana hata upele? Kweli hana. Kinga za watu hazifanani. Yake huenda isikariri kamwe, huenda ikakariri msimu ujao. Anayewaambia "mtazoea" anawapotosha, na hili linanikera sana. Anayezoea ni nadra, anayezidi kuumia ndiye wa kawaida. Dai glovu. Majivu ya kupaka mikononi hayatoshi. Na ukishapata mzio huu, jihadhari na utomvu wa mwembe, kwani mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja.

Punje yenyewe ina mzio wa namna nyingine, wa dakika, si wa siku. Huu huletwa na kingamwili, yaani protini za ulinzi, ziitwazo IgE, zinazofanya seli zimwage mwilini histamini, kemikali ya kuvimbisha na kuwasha. Kukaanga hakuuondoi. Na huu nao husubiri: mwaka 1902 wanasayansi wa Ufaransa, Portier na Richet, walimdunga mbwa sumu ya mnyama wa baharini, hakudhurika; wiki kadhaa baadaye wakamrudishia kipimo kile kile, akafa upesi. Richet alipata Nobel 1913.

Wataalamu wa kinga, Gell na Coombs, waliigawa miitikio hii makundi manne mwaka 1963. Mawili yaliyobaki nayaacha, muda umekwisha.

Matabibu wa zahanati, nisikilizeni. Mtu akipata mzio huu wa dakika, akavimba midomo, pumzi ikabana, presha ikashuka, msianze na piritoni. Adrenalini kwanza! Nusu miligramu kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mlazeni, msimsimamishe, akibanwa sana pumzi, aketi. Dakika tano zikipita bila nafuu, rudieni. Haya, maswali. Akina mama kwanza.