Swila wa James Ashe

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma. Nimeombwa nizungumzie wataalamu wa nyoka na vyura. Nimemchagua mmoja tu, kwa kuwa alifanyia kazi hapa hapa kwetu Pwani.

James Ashe alisimamia kitengo cha nyoka na vyura katika makumbusho ya taifa, Nairobi. Mwaka 1968 ndiye aliyewapa wanasayansi maelezo ya kwanza ya nyoka wa vichakani wa Mlima Kenya. Mwaka 1980 yeye na mkewe, Sanda, wakaanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu.

Sasa tuje kwa swila, nyoka atemaye sumu. Huyu mkubwa wa kahawia, vitabu vilimhesabu kuwa ni yule yule swila mwenye shingo nyeusi, rangi tu ndiyo mbali. Ashe alikataa. Tangu miaka ya 1960 alishikilia kwamba huyu ni mwingine.

Mwaka 2004, Watamu, swila mmoja wa aina hiyo alikamuliwa sumu. Kazi yenyewe ni hivi: nyoka hushikwa nyuma ya taya, meno yakatoboa utando uliofungwa mdomoni mwa glasi, sumu ikachuruzika ndani. Yule mmoja alitoa mililita 6.2. Kijiko cha chai hubeba tano!

Mwaka huo huo Ashe akafariki. Mwaka 2007 Wolfgang Wüster na Donald Broadley wakachapisha ushahidi wa vinasaba: ni spishi mbali kabisa. Wakamwita Naja ashei. Inaniuma kwamba mzee hakuuona ukurasa ule.

Jina lake limebaki pia kwenye mfuko unaowasaidia wasio na uwezo kupata dawa ya sumu ya nyoka. Hilo nalithamini kuliko jina la swila.

Shangazi yangu alitemewa sumu machoni na swila akiokota nazi. Majirani wakakimbilia kusaga majani. Mjomba akawazuia, akamlaza chali, akammiminia maji safi ndoo nzima, polepole, macho wazi, bila kumwacha ayafikiche, kisha wakampeleka hospitali. Jumapili iliyopita nilimkuta barazani anatunga uzi kwenye sindano, mwenyewe, bila miwani.