Kabla ya Baridi Kuingia Mifupani: Mhadhara kwa Waswahili wa Leicester, Novemba 2025

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na ninyi watoto mlioketi mbele, nashukuru mmefika licha ya mvua hii.

Nimekuwa muuguzi katika vituo vya madaktari wa mitaa nchini humu kwa miaka mingi, na kila ifikapo Januari huona jambo lile lile: ndugu zetu hutufikia wakiwa wamechelewa. Afya zao wanazijali sana. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumekulia mahali ambapo hospitali huendewa mtu akishalemewa, akiwa na pesa mkononi na ndugu wawili wa kumshika mikono, na desturi hiyo tumevuka nayo bahari. Hapa mambo yamepangwa vingine. Kituo cha GP, kama tulivyozoea kumwita daktari wa mtaa, ndicho mlango wa kuingilia karibu kila huduma ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa hapa Uingereza, na mlango huo humfaa zaidi aliyeubisha akiwa bado mzima. Yote nitakayoyasema jioni hii yanarudi kwenye neno moja, nalo ni kuchelewa.

Nianze na kujiandikisha. Kujiandikisha ni bure, na kumwona GP ni bure kwa kila mtu anayeishi huku, awe raia, mwanafunzi, mkimbizi au mtu ambaye karatasi zake bado hazijakamilika. Mapokezi wanaweza kukuomba pasi au bili yenye anwani yako, lakini mwongozo wa NHS uko wazi kwamba kukosa vitu hivyo si sababu ya kukataliwa. Naeleza hili kwa kirefu kwa sababu lilinipata mwenyewe. Nilipofika nchi hii, katika kituo kimoja niliambiwa nirudi nikiwa na bili ya umeme, na mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja ambacho bili zake zote zilikuwa kwa jina la mwenye nyumba. Niliondoka kimya, nikaona haya kurudi, nikakaa bila daktari hadi mwezi wa pili nilipougua nimonia. Laiti ningejua siku ile, ningesema kwa adabu kwamba sina bili na kwamba naomba kuandikishwa hivyo hivyo. Kutibiwa hospitalini ni suala jingine, maana hospitali zinaweza kumtoza mtu asiye na haki ya ukaazi. Hata hivyo, matibabu ya haraka hayaruhusiwi kucheleweshwa kwa kusubiri malipo.

Jambo la pili ni lugha. Unapoomba miadi, sema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na kituo kitakutafutia bila malipo, mara nyingi kwa njia ya simu. Nawasihi sana, msiwatwishe watoto kazi hii. Nimemwona mvulana wa miaka 11 akitafsiri habari za hedhi ya mama yake, macho yake yameelekea sakafuni, na mama naye akipunguza nusu ya maelezo ili kumsitiri mwanawe. Nusu ile aliyoificha ndiyo daktari aliyoihitaji, na mwanamke yule alirudi miezi mitatu baadaye akiwa amepungukiwa damu vibaya.

Sasa nieleze namna kituo kinavyofanya kazi, kwa sababu msimu wa baridi foleni hurefuka na watu hukata tamaa. Vituo hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa mbili kamili simu huanza kulia zote kwa pamoja. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, vituo vya England vinatakiwa kupokea maombi ya wagonjwa kwa njia ya mtandao muda wote wa kazi, kwa hiyo mwenye tatizo lisilo la dharura anaweza kujaza fomu kwenye simu yake akiwa kazini. Mhudumu wa mapokezi atakuuliza unaumwa nini. Wengi wetu swali hili hutuudhi, tunaliona ni upekuzi, tukajibu kwa mkato kwamba tunamtaka daktari. Mhudumu huyo amefunzwa kuuliza ili ajue akupeleke kwa nani: kwa daktari, kwa muuguzi, kwa mfamasia wa kituo au kwa mtaalamu wa viungo. Anayesema «nina kikohozi» atapangiwa siku yoyote, lakini anayesema «nina kikohozi, napumua kwa shida, nina pumu na usiku sikulala» atatazamwa mapema. Maneno yako ndiyo yanayokupa nafasi, basi yaseme yote.

Si kila jambo la kumpelekea daktari. Tangu Januari 2024, maduka ya dawa ya England yanaweza kutibu magonjwa saba bila wewe kupitia kwa GP, na inapobidi mfamasia hutoa hata antibiotiki: maumivu ya koo, maumivu ya sikio kwa watoto, maambukizo ya mkojo kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64, mkanda wa jeshi, na mengine ya namna hiyo. Mafua na kikohozi cha kawaida huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Kikohozi kinaweza kukaa wiki tatu na bado kikaondoka chenyewe. Zile kapsuli za rangi mbili zinazoletwa kwenye masanduku kutoka nyumbani, ambazo hugawiwa jirani kwa jirani, tafadhali ziacheni. Dawa ya cheti hapa England ni pauni 9.90 kwa kila aina, lakini walio chini ya miaka 16, waliotimiza 60 na wenye cheti cha uja uzito hawalipi, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha kwa fomu iitwayo HC1. Kuna watu hapa wanaokunywa dawa ya presha siku moja na kuacha siku mbili ili pakiti idumu, ilhali hawakupaswa kulipa hata senti.

Nimeitaja presha kwa makusudi. Baridi huibana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, na ndiyo maana maradhi ya moyo na kiharusi huongezeka miezi hii. Sisi wenye asili ya Afrika tunaathirika zaidi na presha, nayo haina kelele. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea anaweza kupimwa bure katika maduka mengi ya dawa, akiwa anapita tu na mfuko wake wa ununuzi. Wenye selimundu nao wajihadhari kwa namna ya pekee, kwa sababu baridi inaweza kuchochea yale maumivu makali wanayoyajua. Wavae nguo za tabaka kadhaa, wanywe maji, na wasitoke na nywele mbichi.

Chanjo ya mafua makali, yaani influenza, hutolewa bure kwa waliotimiza miaka 65, kwa wajawazito, kwa wenye pumu kali, kisukari, maradhi ya moyo au figo, kwa wenye selimundu, na kwa watoto wa miaka miwili na mitatu pamoja na wanafunzi hadi darasa la 11. Chanjo huchukua takriban wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo anayesubiri hadi jirani aanze kukohoa amechelewa. Wazazi Waislamu wameniuliza mara nyingi kuhusu ile ya kupuliziwa puani. Ni kweli kwamba ina jelatini ya nguruwe. Wapo wanazuoni wanaoijuzisha na wapo wanaoikataa, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachoweza kuwaambia kama muuguzi ni kwamba ipo chanjo ya sindano isiyo na jelatini hiyo, na mzazi akiiomba mtoto hupewa. Msiirudishe fomu ya shule ikiwa na alama ya «hapana» halafu mkanyamaza, ulizeni sindano. Wajawazito kuanzia wiki ya 28 wanayo pia chanjo ya RSV, kirusi kinachowaziba watoto wachanga vifua, na wazee waliotimiza miaka 75 nao hupewa.

Naja sasa kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Mwezi ujao nyumba nyingi za humu zitakuwa tupu, maana watu watakwenda Dar es Salaam, Mombasa, Tanga, Bujumbura, Goma, kuona wazazi. Tunakwenda kama wenyeji, bila vidonge vya kuzuia malaria, tukiamini kwamba miili yetu inaijua malaria tangu utotoni. Mwili husahau. Kinga ile hupungua mtu akikaa mbali nayo kwa miaka, na watoto waliozaliwa huku hawakuwa nayo kabisa. Vidonge hivi kwa kawaida hununuliwa, NHS haivilipii, na kwa familia ya watu watano gharama huuma. Hata hivyo nendeni mkazungumze na mfamasia sasa hivi, kwa sababu huanzwa kabla ya safari na huendelea kunywewa baada ya kurudi.

Kisha huja Januari. Mzee mmoja wa jamii yetu alirudi kutoka pwani, akapata homa na kutetemeka siku ya tisa. Kila mtu mtaani alikuwa na mafua, naye akajihesabu pamoja nao. Alikunywa paracetamol siku nne, akajifunika blanketi mbili, akapiga simu mara moja na kusema ana homa na maumivu ya mwili, akaambiwa apumzike. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi, na yeye hakuona haja ya kusema. Siku ya tano mkewe alimkuta anaongea maneno yasiyoeleweka, na macho yamekuwa ya manjano. Alipona, baada ya wiki kadhaa hospitalini, lakini figo zake hazijarudi kama zamani. Kwa hiyo, ndugu zangu, yeyote atakayepata homa baada ya kurudi, hata ikiwa zimepita wiki au miezi, aanze mazungumzo na sentensi hii kabla ya nyingine yoyote: «Nimetoka Afrika, naomba nipimwe malaria leo.» Wafundisheni watoto waijue kwa Kiingereza. Daktari wa hapa anaweza kukaa mwaka mzima bila kumwona mgonjwa wa malaria. Sisi ndio tunaopaswa kumkumbusha.

Nyumbani, kwa wazee na wagonjwa, chumba kisipungue nyuzi 18. Najua bili za gesi zilivyo, na najua wapo wanaojaribu kuota jiko la mkaa ndani. Nawaomba, nakaribia kuwapigia magoti, msifanye hivyo. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na katika nyumba zilizozibwa madirisha inaua watu usingizini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu bila homa, tena kwa watu wote wa nyumba pamoja. Hata kaa la chetezo cha udi lisiachwe likiwaka chumbani mnapolala, na mwenye mtoto wa pumu aache kabisa kufukiza karibu naye.

Ukungu mweusi nyuma ya kabati nao si dalili ya uchafu wa anayeishi humo. Mtoto Awaab Ishak, mwana wa wazazi waliotoka Sudan, alifariki Rochdale mwaka 2020 akiwa na miaka miwili kwa sababu ya ukungu wa ukutani ambao babake aliulalamikia tena na tena. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025, na inamlazimisha mwenye nyumba za jamii, yaani zile za halmashauri au za mashirika ya makazi, kuchunguza ukungu wa hatari ndani ya siku 10 za kazi na kushughulikia dharura ndani ya saa 24. Pigeni picha, andikeni barua, na mwambieni GP ili iingie kwenye kumbukumbu za mtoto.

Kwa vitamini D nitasema kidogo: jua la hapa halitoshi tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, na sisi wenye ngozi nyeusi, hasa akina mama wanaojisitiri, tunashauriwa mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

Mwisho ni wakati wa kutosubiri. Kituo kikiwa kimefungwa, kama siku ya Krismasi, piga 111, simu ya ushauri ya NHS, usiku na mchana, nako pia utaomba mkalimani. Mtu akiumwa na kifua kinachobana, mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, piga 999, simu ya dharura. Kwa mtoto, mvue fulana umtazame: ngozi ikiingia ndani katikati ya mbavu kila anapovuta pumzi, piga. Vitabu husema tazama ngozi kama imekuwa ya bluu, lakini kwetu sisi rangi hiyo haionekani shavuni. Tazama ulimi, ufizi, sehemu ya ndani ya mdomo na viganja.

Fomu za kujiandikisha ziko kwenye meza ile karibu na mlango, na kalamu zipo. Tumepewa ukumbi hadi saa tatu usiku. Asiye na bili ya umeme aje aketi karibu nami, tutaanza na yeye.