Mwili Unakula Nini Tukifunga?

Shehe wetu, wauguzi, wazee wangu wa Kibuli na nyinyi mliotoka Kawempe na Jinja, asalaam aleikum. Nimeombwa nieleze mwili unakula nini wakati sisi hatuli, maana Ramadhani imebisha hodi na vijana wameshaanza kuniuliza watapungua kilo ngapi. Nitawakatisha tamaa mapema.

Tuanze na damu. Mtu mzima mwenye afya, damu yake yote ina kama gramu 5 tu za sukari, kijiko cha chai na ziada kidogo. Ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 kwa siku. Pigeni hesabu: pasipo wa kurudishia, ubongo ungeimaliza yote ndani ya saa moja. Lakini mtu amefunga tangu alfajiri, anauza nguo sokoni Owino mpaka alasiri, na ukimpima unaikuta sukari iko palepale au imeshuka kidogo tu. Mimi hilo linanishangaza kuliko njaa yenyewe.

Anayerudishia ni ini. Ukila daku, tuseme matoke na maharage, wanga unasagwa kuwa glukosi, ndiyo hiyo sukari ya damu. Kongosho linamwaga homoni iitwayo insulini, nayo inafungua milango ya misuli na ya mafuta ili glukosi iingie, huku ini likiweka akiba iitwayo glaikojeni. Ini huweka kama gramu 100. Misuli yote kwa pamoja hata 400. Utadhani basi misuli ndiyo itakayotuvusha mchana. Wapi! Misuli ni jirani mwenye ghala limejaa na hakopeshi hata kibaba: haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu. Ikishaingia, imeingia.

Saa chache baada ya daku insulini inashuka, homoni ya pili ya kongosho, glukagoni, inashika zamu. Ini linavunja glaikojeni na kuigawa. Pembeni linatengeneza glukosi mpya kwa laktati, mabaki ya sukari iliyotumika, kwa gliseroli inayotoka kwenye mafuta, na kwa amino asidi, vipande vya protini za misuli. Moyo na misuli vinahamia kwenye mafuta, vinauachia ubongo sukari. Seli nyekundu za damu hazina pa kuhamia. Hazina mitokondria, vile vinu vya seli vinavyochoma mafuta, kwa hiyo ni glukosi au basi.

Sasa vijana wangu. Sisi tuko ikweta. Kampala tunafunga saa 13 na dakika kadhaa, iwe Juni iwe Desemba; hatuna zile siku ndefu za Ulaya. Saa tatu nne za mwanzo tumbo bado linashughulika na daku. Akiba ya ini inahitaji karibu siku nzima kwisha, kwa hiyo adhana ya magharibi inalikuta bado lina kitu. Mafuta yanaungua, sikatai, hasa alasiri. Ila jioni mnayarudisha kwa sambusa, kabalagala na chai ya sukari vijiko vinne. Mnataka mizani iseme nini?

Mambo yanageuka kweli mfungo ukivuka siku mbili tatu. Ini linageuza mafuta kuwa ketoni kwa wingi, na ubongo, ambao hauchomi mafuta yenyewe, unazipokea. Mwaka 1967 kule Boston, watafiti Owen, Cahill na wenzao walichapisha vipimo vya watu watatu wanene waliokaa wiki tano hadi sita bila chakula, na wakakuta ketoni ndizo zilizokuwa chakula kikuu cha ubongo. Bila hizo mwili ungeendelea kuila misuli yake ili upate sukari.

Mtoto ni habari nyingine. Ubongo wake ni mkubwa kwa mwili wake, ini lake lina akiba ndogo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akipitisha usiku bila maziwa, sukari inaweza kuanguka alfajiri, mtoto akafa huku mama akidhani amelala. Ndiyo maana wodi za lishe kama Mwanamugimu, pale hospitali ya Mulago, huwalisha kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Na msimshindilie chakula kingi siku ya kwanza! Insulini ikipanda ghafla inavuta madini ya fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu na kuviingiza kwenye seli, moyo unaweza kusimama.

Wenye kisukari, hasa mnaojidunga insulini: kwenu sindano inafanya kazi hata kama daku limeisha, nayo inalizuia ini lisigawe. Muoneni daktari kabla mwezi haujaandama, msipunguze dozi wenyewe. Jipimeni mchana, tone la damu kidoleni halifunguzi, shehe yuko hapa atanisahihisha. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, fungueni hapo hapo, hata zikiwa zimebaki dakika kumi.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.