Kuongoza Watu Usioweza Kuwafukuza

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni. Poleni mliokwama kwenye foleni ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi, najua wengine mmeshuka na kutembea.

Nimepewa mada ya malezi ya kijijini na uongozi wa kampuni, na ina mtego wake. Mkurugenzi akishika maikrofoni hapa Dar es Salaam, haichukui muda utasikia habari za kwenda shule peku, kuchunga mbuzi na kusomea kibatari. Marehemu Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, alisimulia mara nyingi alivyokulia kwenye nyumba ya udongo, na yeye alikuwa na haki ya kusimulia: alisomea uhasibu Uingereza, akarudi, akaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake kabla ya kumiliki viwanda na vyombo vya habari. Lakini umaskini haumfundishi mtu uongozi. Ungekuwa unafundisha, nchi hii isingelia uhaba wa mameneja.

Mimi ni Mpare wa milimani, Same. Kilichonifaa ofisini ni ndiva.

Wasioijua: ndiva ni bwawa dogo linalochimbwa mlimani chini ya kijito. Maji yanajazwa usiku, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila kaya kwa zamu yake. Mfereji ukijaa tope au ukibomoka, watu wanaitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, na asiyefika anatozwa faini au anakosa zamu. Mwenye shamba la juu hujaribiwa kila siku kuiba maji kidogo, maana yanapita mlangoni kwake. Mwenye shamba la chini huamini anaibiwa hata siku ambayo haibiwi.

Sasa mtazameni mzee anayesimamia zamu hizo. Hana mshahara wa kumkata mtu. Hana barua ya onyo. Zaidi ya yote, hawezi kumfukuza yeyote, kwa sababu mwizi wa maji wa leo ndiye kesho atakayechimba kaburi la mama yake. Kwa hiyo adhabu lazima iume na bado imwache mtu ndani ya kundi. Kanuni lazima ijulikane kabla ya kosa. Na mwenye ng'ombe wengi akikosa msaragambo, alipe kama jirani yake asiye na kitu. Vinginevyo msaragambo unaofuata utamkuta mzee peke yake na jembe lake.

Meneja wa mjini ana jambo ambalo mzee yule hakuwa nalo, uwezo wa kuachisha kazi, na naona unatudumaza. Tunaukimbilia mapema mno. Nilipokabidhiwa usambazaji, matawi ya Mbeya na Mwanza yalikuwa yananung'unika kwamba bajeti inaishia makao makuu. Nilielewa mara moja: hao ni watu wa shamba la chini. Tangu hapo, kikao cha bajeti kinaanza na matawi ya mbali, na mgawo wa kila idara unawekwa mezani wote wauone. Manung'uniko hayakuisha, ila yalianza kuwa na tarakimu, na hayo yanajibika.

Kuna jambo lingine nililorithi kwetu. Mwaka 1945 Wapare walishuka milimani kwa maelfu hadi Same kupinga kodi ya mbiru, kodi ya enzi za ukoloni iliyopangwa kwa mali ya mtu. Hawakuwa wanakataa kulipa kodi yoyote ile. Kilichowaudhi ni kukadiriwa mali zao kwa vipimo visivyoeleweka. Kila ukifika msimu wa kutathmini wafanyakazi na kupanga nyongeza za mishahara, nawakumbuka. Mfanyakazi anaweza kuvumilia nyongeza ndogo. Alama ya tatu kati ya tano isiyo na maelezo, hiyo atakwenda nayo nyumbani, na mwenzi wake ataisikia mwaka mzima.

Lakini tusikisifu kijiji kupita kiasi. Kwetu mkubwa akishasema, shauri limefungwa. Ukiileta tabia hiyo ghorofa ya kumi na mbili utapata kikao kizima cha "ndiyo mzee", na mradi unazama huku wote wanatikisa vichwa. Dawa yangu si ya kisomi: anaanza mdogo kuliko wote, mimi nasema mwisho, na ajenda nyingine natoka kabisa chumbani. Halafu kuna simu za Desemba, mjomba ana kijana wake amemaliza chuo. Namwambia kijana aombe kama wengine, na usaili wake siukai. Mjomba hununa. Huwa ananuna hadi Pasaka.

Mnaouliza kama mtoto wa mjini, wa Tandale au Buguruni, amekosa shule hii, hajaikosa. Nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane na Luku moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ndiva kamili: mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi kila asubuhi, wa tatu ana taa tu, na umeme umekatika Jumamosi usiku. Kwenye usaili nawauliza vijana mlivyogawana huo umeme. Anayenieleza vizuri, pamoja na aliyegoma kuchanga na mlivyomfanya, namsikiliza kwa makini kuliko ninavyosoma vyeti vyake.

Nimeonyeshwa saa. Karibuni maswali, tuanze na dada wa nyuma kule, maana naona mkono umechoka.