Muuza iliki yupi ni mwema zaidi?

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama kule nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nilinganishe nadharia kubwa za falsafa ya maadili. Kazi hii aghalabu hufanywa kwa jedwali: huyu kasema hivi, yule kasema vile, faida hizi, kasoro hizi, kisha watu wakaenda zao. Jedwali sikuleta. Nina neno moja tu: wanafalsafa hawa mara nyingi hukubaliana kuhusu la kufanya, na wanalogombania ni sababu ya kulifanya. Ugomvi huo si wa bure. Hali ikibadilika, ile sababu uliyoiegemea ndiyo itakayokushikilia au kukuachia.

Twendeni Marikiti, soko letu hapa Mombasa. Mtoto wa miaka saba ametumwa iliki. Bei haijui, mizani hajui kuisoma. Muuzaji angeweza kumpunja, lakini hampunji. Asili ya mfano huu ni Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785. Alimtaja muuza duka ambaye hata mtoto hununua kwake kwa bei ile ile ya watu wote. Kant aliishi Königsberg, mji wa bandari kama huu wetu, kwa hivyo wafanyabiashara alikuwa akiwaona kila siku. Na alichosema ni kikali. Ikiwa muuzaji huyu haibi kwa kuwa anaogopa kupoteza wateja, kitendo chake ni sahihi, lakini thamani ya kimaadili hakina. Amepiga hesabu za duka, basi. Thamani huja pale anapopima sawasawa kwa sababu ni wajibu wake, hata kama hakuna atakayejua.

Sasa nawapa wauzaji wawili. Wa kwanza, kila mtoto akija, roho yamtuma apunje. Anajizuia, anapima sawa. Wa pili, wazo lenyewe halimjii, na kupima sawa kunamfurahisha. Yupi mwema zaidi? Hebu inueni mikono. Wa kwanza? Haya. Wa pili? Naam, mmegawanyika, na naona mke na mume hapa mbele wamepingana, mtamalizana nyumbani.

Mliomchagua wa kwanza mko karibu na Kant. Yeye hakusema ni lazima uuchukie wema ndipo uhesabiwe, ingawa mshairi Schiller alimfanyia mzaha kana kwamba ndivyo alivyosema. Alisema nguvu ya wajibu huonekana wazi pale matamanio yanapovuta upande wa pili. Mliomchagua wa pili mko kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Kwake, asiyefurahia kutenda haki hatumwiti mwenye haki. Kujizuia ni jambo zuri, lakini ni la mtu ambaye bado yuko njiani. Tabia hujengwa kwa kurudia, na aliyeiva hana haja ya kupigana na nafsi yake kila mteja anapoingia.

Wala msidhani Aristotle ni mgeni pwani hii. Miskawayh, mwanafalsafa wa Kiajemi aliyefariki mwaka 1030, aliyachukua mafundisho yake akayaingiza katika kitabu chake cha kusafisha tabia, na Imamu Ghazali akachota humo. Ushujaa kuwa baina ya woga na papara, ukarimu kuwa baina ya ubahili na ubadhirifu: wangapi hapa wameyasikia hayo katika darsa za msikitini bila kutajiwa Mgiriki yeyote?

Wa tatu ni watu wa manufaa: Jeremy Bentham, kitabu chake cha mwaka 1789, na baada yake John Stuart Mill. Kwao kitendo hupimwa kwa matokeo, yaani raha iliyoongezeka na maumivu yaliyopungua, kwa wote wanaoguswa, na kila mtu akihesabiwa sawa na mwenzake. Mill alisema anayemwokoa mtu anayezama ametenda sahihi, iwe kwa wajibu au kwa tamaa ya kulipwa. Nia inatwambia mtu ni wa namna gani. Kitendo chenyewe haikibadilishi. Basi wauzaji wetu wawili wamefanya jambo lile lile, maana mtoto amerudi na iliki kamili. Wapo wanaoiona nadharia hii kuwa ya watu wa pesa. Mimi siwafuati. Anayezama haulizi nia ya mkono unaomvuta.

Lakini ina mahali inapoteleza, na mahali hapo sisi tunapajua. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Watu 272 walifariki, na baadhi yenu mna jamaa katika idadi hiyo. Mola awarehemu. Sizungumzii lawama ya abiria. Dhamana ya chombo ni ya mwenye kukiendesha. Nazungumzia hesabu. Fikirini chombo chochote kilichokaribia kujaa, na mtu mmoja gatini aliyechelewa kazini. Akipanda, faida yake ni dhahiri. Uzito wake katika chombo kizima si kitu. Ukipima kitendo chake peke yake, hesabu inasema panda. Anayemfuata anapiga hesabu hiyo hiyo, na wa baada yake pia. Kila mmoja amepata jibu zuri, na majibu mazuri yakijumlishwa yanaleta msiba.

Mwaka 1984 Derek Parfit, mwanafalsafa wa Oxford, alilitaja kosa hili katika hesabu za maadili: kuuliza kitendo changu pekee kinadhuru nini, badala ya kuuliza kama kimo katika kundi la vitendo ambavyo kwa pamoja vinadhuru. Ni marekebisho mazuri, lakini tazameni yalivyochelewa. Kant alikuwa nayo tayari: jiulize kama ungetaka kila mtu aifuate kanuni unayoifuata wewe. Mtu wa gatini akijiuliza hivyo, jibu analipata kabla hajanyanyua mguu. Na Aristotle? Hapa, kusema kweli, hana mengi. Maadili yake ni ya mji mdogo ambamo watu wanajuana, na umati unampita. Wanaomtukuza siku hizi hulipita jambo hili kimyakimya.

Mtu wa nyuma amepaza sauti, "Na lile gari la reli?" Ndiyo, gari linakwenda kuua watano, ukiligeuza litaua mmoja. Mwanafalsafa Philippa Foot aliuleta mfano huo mwaka 1967, na tangu hapo vijana wa vyuo hawana mfano mwingine. Ni mzuri kwa kuanzisha mjadala, lakini maisha yangu yote sijakabidhiwa usukani wa gari kama hilo. Iliki nimenunua.

Nimalize kwa suala ambalo nadharia zinaachana kweli, maana nisiwadanganye kuwa daima zinapatana. Mzee mmoja, wa kubuni, aliweka nyumba wakfu ili kodi yake inunue mafuta ya taa za msikiti. Leo msikiti una umeme. Kodi inaingia, mafuta hayanunuliwi. Hukumu ya kifiqhi naiachia masheikh, nauliza wanafalsafa. Bentham yuko wazi: marehemu hasikii raha wala maumivu, zahanati ya mtaa haina dawa, pelekeni huko. Mwingine wa kundi hilo hilo la manufaa angesita, kwa hoja ya nguvu: wasia wa wafu ukichezewa, walio hai wataacha kuweka wakfu, na mtaa utakosa zaidi. Kant angesema ahadi ni ahadi, lakini ahadi ya nini, ya mafuta au ya mwanga? Hapo kanuni haisemi, na ndipo namhitaji Aristotle: mtu mwenye busara, aliyemfahamu mzee na watu wake, ndiye ajuaye mzee alikusudia nini.

Mimi ningelipa umeme kwa kodi ile, na zahanati ningeichangishia kwingine. Naona Bi Mkubwa pale anatikisa kichwa tangu nilipotaja dawa, na nina hakika ana hoja. Kijana, mpelekee kipaza sauti.