Hesabu Semesta Zako Ukianzia Mwisho

Haya wadogo zangu, naona wengine bado mnaingia, kaeni tu tuanze. Nimeambiwa niongelee masharti ya kumaliza digrii ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, na najua wengi jibu mnalo tayari, faulu masomo yote basi. Mi nilifaulu masomo yote. Nikafika mwaka wa mwisho nina krediti (zile pointi unazopewa kwa kila kozi uliyofaulu) za kutosha, za ziada hata, halafu idara wakaniambia bado nadaiwa kozi moja ya ngazi ya juu, kwa sababu zile nafasi za hiari nilizijaza vikozi vyepesi vyepesi vya mwaka wa kwanza. Nikakaa semesta nzima kwa ajili ya kozi moja, wenzangu wameshavaa majoho (na hapo sikuwa na wa kumlaumu, kitabu cha masharti nilikuwa nacho begini miaka yote, sikukisoma).

Krediti tuzipitie fasta. Marekani digrii kwa kawaida ni kama krediti 120 kwa miaka 4, gawanya kwa semesta 8 unapata 15 kila semesta. Nchi nyingi za Ulaya wanatumia hesabu ya ECTS, mfumo wao wa pamoja wa krediti, 180 kwa miaka 3 au 240 kwa miaka 4, yaani 30 kwa semesta, na krediti moja ya kule ni masaa 25 hadi 30 ya kazi, lekcha, kujisomea, asainimenti, vyote humo. Zidisha mwenyewe, semesta moja inakula masaa 750 mpaka 900. Sasa mtu unategemea usiku mmoja kabla ya mtihani, hayo masaa utayatoa wapi?

Lakini krediti ndo sharti jepesi, kinachochelewesha watu ni mnyororo, yaani kozi ambazo lazima ufaulu moja ndo uruhusiwe nyingine. Tuchukue mpangilio wa kawaida tu: Programu ya Kwanza inafungulia Programu ya Pili, hiyo inafungulia data strakcha (namna za kupanga data ndani ya programu), data strakcha inafungulia algorithimu (hatua za kutatua tatizo), na bila algorithimu huruhusiwi kuanza projekti ya mwisho ambayo yenyewe ni semesta mbili. Hesabu na vidole, ni semesta 6 zilizofungana mkia kwa kichwa, huwezi kusoma mbili kwa pamoja hata uwe na akili ya namna gani. Kwenye digrii ya miaka 4 una semesta 8, kwa hiyo nafasi ya kuteleza ni semesta 2. Mnaona ziko nyingi? Sasa kozi nyingi zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka, ukifeli Programu ya Kwanza semesta ya kwanza hairudi semesta ya pili, inarudi ya tatu. Umefeli mara moja, umelipa semesta mbili, akiba imeisha na bado uko mwaka wa kwanza! Na kama digrii yako ni ya miaka 3 yenye mnyororo kama huu, akiba hamna tangu siku ya kwanza.

Ndo maana nasema chukua karatasi, andika projekti juu kabisa kwenye semesta ya mwisho halafu shuka nayo kurudi nyuma hadi leo. Kila kozi jiulize inafungulia nini. Ile isiyofungulia kitu inaweza kusubiri, hata ukiikosa semesta hii haikuui.

Hisabati sasa. Najua, najua, mmekuja kuandika kodi za programu. Hisabati za diskriti, zile za mantiki, seti na vitu vya kuhesabika kimoja kimoja, ndo kozi naona watu wanaisogeza mbele kila semesta kama deni, na huo ni ujinga kwa sababu ndo inakusaidia kwenye kila kitu. Ule uthibitisho wa induksheni, kwamba ni kweli kwa namba ya kwanza, na ikiwa kweli kwa n basi ni kweli kwa n+1, ndo akili ile ile ya fanksheni inayojiita yenyewe. Grafu, yaani vituo vilivyounganishwa na mistari, ndo zinakuja kwenye algorithimu ya Mholanzi Dijkstra ya 1959 ya kutafuta njia fupi. Na Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, mwaka 1936, kompyuta za kidijitali kama hizi hazijatengenezwa, alishathibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kukuambia kwa kila programu kama itasimama au itazunguka milele, akatumia hoja tupu kwenye karatasi. Ukiifika kozi ya nadharia ya ukokotoaji, ile inayouliza kompyuta inaweza nini na haiwezi nini, bila diskriti utakaa mle kama mgeni msibani.

Aljebra ya mstari, probabiliti, oparetingi sistimu, databesi, netiwaki, hizo mtakutana nazo, sitazisemea sana leo.

Projekti: chagua ndogo. Mtu anataka kujenga mfumo wa dunia nzima, anaandika kodi miezi saba, ripoti anaianza zimebaki siku mbili, wakati ripoti mara nyingi ina maksi nyingi tu. Andika ripoti kila wiki, ukurasa mmoja unatosha.

Na jamani, vyuo vingi lazima uombe mwenyewe kuhitimu, kuna fomu na ina tarehe ya mwisho. Mfumo haukuoni tu kwamba umemaliza.

Ee, mkono ule nyuma. Anauliza, amepata D na mfumo unaonyesha amefaulu, arudie? Swali zuri. Inategemea D ya nini. Sehemu nyingi D inakupa krediti lakini kozi inayofuata inadai C, kwa hiyo umefaulu na mlango bado umefungwa. Soma sharti la hiyo kozi inayofuata. Kama ni D ya kozi ya hiari na wastani wako bado uko juu ya kiwango, achana nayo, kaa nayo hivyo hivyo. Ni Programu ya Kwanza? Eh. Rudia, na angalia leo leo inafundishwa tena lini.