Mstari Mwekundu na Mstari wa Njano: Jinsi Wimbo wa Kanisa Ulivyopata Kuandikwa

Ndugu walimu wa kwaya, waimbaji na wageni wetu, karibuni.

Najua wengi mnamngojea Papa Gregori wa Kwanza. Alikuwa papa kuanzia 590 hadi 604, na nyimbo za Kigregori, yaani nyimbo za kale za ibada za Kanisa la Roma, zimebeba jina lake. Hata hivyo, hakuna noti hata moja ya zama zake iliyotufikia. Askofu Isidori wa Sevilla, Hispania, aliyefariki mwaka 636, aliandika wazi kwamba sauti zisiposhikwa na kumbukumbu hupotea, kwa kuwa haziandikiki.

Ajabu ni kwamba ziliwahi kuandikwa. Huko Oxyrhynchus, Misri, ulipatikana utenzi wa Kikristo wa mwishoni mwa karne ya 3, maneno ya Kigiriki yakiwa na herufi za sauti juu yake. Umeandikwa nyuma ya karatasi ya papiri yenye hesabu za nafaka. Kufikia enzi za Isidori, Magharibi walikuwa wameshausahau ujuzi huo.

Mwaka 789 Karoli Mkuu, mfalme wa Wafranki, aliagiza mapadre wajifunze uimbaji wa Kirumi. Kuagiza ni rahisi. Kufundisha mamia ya nyimbo kwa mdomo, mwalimu mmoja baada ya mwingine, ni kazi nyingine kabisa. Katika karne iliyofuata, ya 9, zikaanza kuonekana alama ndogo juu ya maneno, ziitwazo neuma. Pes ni sauti mbili zinazopanda, clivis mbili zinazoshuka, torculus tatu: chini, juu, chini. Kitabu cha watawa wa St. Gallen cha mwanzoni mwa karne ya 10 kinaongeza hata vijiherufi: c kwa haraka, t kwa kushikilia. Ni maandishi hodari sana kwa mwendo. Lakini yanakwambia panda bila kukwambia upande kiasi gani, kwa hiyo asiyeujua wimbo hapati kitu.

Hapo ndipo anapoingia Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia, katika miaka ya 1020. Alipanga mistari, akatumia mistari yenyewe na nafasi zilizo kati yake, kisha akaupaka mstari wa noti F (fa) rangi nyekundu na wa C (do) rangi ya njano. Kwa nini hiyo miwili? Kwa sababu chini ya kila mmoja ipo nusu toni, yaani hatua fupi: mi kwenda fa, si (ti yetu) kwenda do. Muimbaji hukosea mahali hapo hasa, akiifanya hatua fupi kuwa ndefu, na kwaya nzima inahama bila kujua. Rangi ilikuwa onyo. Kwangu mimi huyu anastahili sifa kuliko Gregori.

Kisha akachukua utenzi wa Yohane Mbatizaji, Ut queant laxis. Vifungu vyake sita vya kwanza huanza kila kimoja hatua moja juu ya kilichotangulia: ut, re, mi, fa, sol, la. Mwanafunzi aukariri wote, halafu ajizoeze kuanza kifungu chochote akiitwa ghafla. Akikutana na noti ngeni, anauliza: ni kifungu gani huanza hivi? Guido alidai kwamba kazi iliyokuwa haikamiliki hata kwa miaka kumi sasa ingechukua mwaka mmoja, ikizidi sana miwili. Papa Yohane wa 19 alimwita Roma, akajaribu mwenyewe, akaimba mstari ambao hakuwahi kuusikia.

Silabi sita hazitoshi wimbo unapopita la. Ndiyo maana walimu wa mapokeo yake waliruhusu ut, iliyokuja kuitwa do, ianze C, F au G, na muimbaji abadili silabi njiani. Mkianza F, noti B (ti) inashuka nusu toni; mkianza G, inabaki juu. Kubadili mahali pabaya kunaleta mgongano wa F na B, ambao waimbaji wa zama hizo waliukwepa sana. Kwa hiyo karatasi zetu za d r m f s l t, mfumo ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa huku na wamisionari, zina damu ya Guido: do inayohama si uvivu wa kijijini, kama wanavyodhani wasomi wa piano.

Bila mistari ya Guido, mtunzi Perotinus wa kanisa la Notre-Dame, Paris, asingepanga Viderunt omnes ya Krismasi kwa sauti nne, mwishoni mwa karne ya 12. Sauti ya chini kabisa inashikilia silabi moja ya wimbo wa kale kwa muda mrefu mno, huku tatu za juu zikicheza kwa mapigo yaliyopimwa. Tutaisikiliza sasa, shikeni sauti ya chini kwanza.